Nilibandika Siri ya Baba Yangu Kwenye Ukuta wa Duka

Mhariri, jina langu lifiche kabisa, maana huku kwetu Kisii hata mbuzi wananijua. Nina miaka thelathini na minne, mke mmoja, na mtoto wa miezi minane. Shule niliachia darasa la saba, lakini dunia nimeisoma. Vinyago vya mawe ya Tabaka nimevichonga, nikaviuza Nairobi, Mombasa hadi Kampala, na kuna Mzungu nilimwuzia kiboko nikamwapia ni ndovu mchanga.

Tena mimi ni mwandishi. Kitabu changu nilikituma kwa wachapishaji, kikarudi. Nikatuma kwingine, hata hakikurudi. Nikasema basi, sihitaji mtu. Kila Jumatatu nikawa naandika ukurasa mmoja kwa mkono, naubandika kwa uji wa unga kwenye ukuta wa duka la Bwana Jayanti, pale Masimba. Pembeni nikafunga kalamu kwa uzi, msomaji aandike maoni yake. Ndugu zangu, watu walijaa! Walimu, wachuma chai, makanga wa matatu. Mmoja aliandika, "Fundi, wewe ni moto." Wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Lakini ukuta ni kama ng'ombe, ukiulisha leo, kesho unalia tena. Baada ya miezi mitano hadithi ziliniishia. Bwana Jayanti akawa ananiuliza, "Fundi, karatasi iko wapi? Watu wanasumbua mimi." Hapo ndipo nikakumbuka jambo la nyumbani.

Siku uchungu wa uzazi ulipomshika mke wangu, mvua ya mawe ilikuwa inapiga, mimi niko Tabaka, wanawake wa boma wamekwama kwenye majani chai. Baba yangu alimsikia akipiga kelele. Kwetu Wagusii, baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe, wala hamgusi mke wa mwanawe. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Mzee aliingia. Alimwinua kutoka sakafuni, akamweka kwenye wilbaro, akamsukuma kwenye matope hadi barabarani, wakapata gari la kwenda hospitali. Watu waliiona wilbaro, wakadhani mwanamke alitoka nje kwa miguu yake. La kuingia ndani tulilijua sisi watatu tu.

Nikaliandika. Nilibadilisha majina, nikahamisha kijiji, nikajiona mjanja kuliko sungura. Wilbaro nikaiacha kwa sababu ilinoga. Kabla ya saa sita mtu alikuwa ameandika pembeni: "Mzee wa wilbaro, kumbe uliingia!"

Sasa baba akipita sokoni watu wananyamaza. Wazee wanataka atoe mbuzi, atakaswe. Amekataa kata kata. "Sitatakaswa kwa kuokoa mtu." Mimi hajanifokea. Aliniuliza mara moja tu, "Ningemwacha afe, ungeandika nini?" Kisha akasema, "Usiniweke ukutani tena."

Mke wangu alibeba mtoto akarudi kwao, Nyamira. Nilimfuata na mizaha yangu, hakucheka. Alisema, "Baba yako aliniona nilivyokuwa pale chini, asiseme neno. Wewe hata hukuwako, ukanionyesha soko zima. Sirudi mpaka wazee wamwache."

Nikibandika kwamba yote nilitunga, wazee watapoa na mke atarudi. Lakini wazee watamwuliza mzee, naye ni mtu wa Sabato, hatadanganya. Tena nitakuwa nimefuta jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kunifanyia. Nikiandika ukweli wote nimtetee, na jina langu chini, nitakuwa nimemvua nguo mara ya pili, na amenikataza kumweka ukutani tena. Nikinyamaza, mwanangu atajifunza kutembea nisiwepo.

Nyinyi maelfu mnaosoma ukurasa huu, mnikaripie kwanza, nimestahili. Mkimaliza mniambie: Jumatatu ni kesho kutwa, kalamu ninayo, na sijui kama niandike au niivunje. Mngekuwa mimi, mngefanyaje?