Matanga ya Chaza na Mchanga

Barua ilikuja kazini, imeandikwa kwa mkono, na juu ya bahasha majina mawili: langu na la mwenzangu. Ilitoka kwa binti wa bikizee wa chumba kumi na nne, aliyefariki miezi miwili kabla, katikati ya ile lokidauni ndefu iliyotufungia ndani sisi wa Sydney ya magharibi huku polisi wakizunguka mitaani. Binti alitaka kutushukuru kwa kumtunza mama yake. Alikuwa amekodi gari na kiongozi wa safari kwa siku nzima, twende kaskazini, Port Stephens, kwenye matuta ya mchanga na miamba ya volkano, ambako mama yake alizaliwa na kukulia. Tungekuwa wageni wake.

Niliisoma nikiwa nimesimama kando ya ndoo ya nepi chafu, na nakumbuka niliona afadhali harufu ya ndoo.

Huyu binti nilimjua kwa dari ya nyumba yake. Wageni walipokatazwa kuingia katika makao yetu ya wazee, kila mzee alipewa siku yake ya kuongea na jamaa zake kwa kishikwambi. Siku ya bikizee ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Nilimwosha, nikamchana nywele, nikamvalisha sweta yake ya buluu. Rangi ya mdomo alijipaka mwenyewe, mkono ukimtetemeka, nami nikafuta ile iliyopita mipaka. Kisha nilimshikia kishikwambi tukasubiri. Mara nyingine simu haikupokelewa. Ikipokelewa, binti aliilaza mezani ikitazama juu, kwa hiyo tulichokiona ni dari nyeupe na taa iliyofanana na kikapu. Sauti yake ilitoka mbali, maji ya bomba yakimiminika. "Ndiyo, Mama. Vizuri, Mama." Bikizee aliitabasamia taa.

Alipoanza kukata roho, sheria zilimruhusu ndugu mmoja aingie, akiwa na gauni, glavu na barakoa. Muuguzi wa zamu akampigia binti. Alisema anasubiri majibu ya kipimo. Kesho yake akapigiwa tena, bado anasubiri. Jumamosi alasiri bikizee akafa, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mwenzangu.

Mwenzangu tulimwita Mama wa Goma. Alikuwa amenipita miaka kumi na tano, ana wajukuu, na kabla ya vita kumtoa kwao alikuwa mshonaji. Mimi ni wa Nakuru, naye aliniita "petite", yaani mdogo kwa Kifaransa chao cha Kongo, ingawa ninamzidi kimo kwa kichwa kizima. Nilimwonyesha barua nikamwambia siendi.

"Tutaenda," akasema.

"Kwa nini? Alipokuwa hai hakuja. Sasa ndiyo anakuja na gari?"

"Petite, siku ya kumuzika walikubali watu kumi tu. Sisi hatukuwa ndani ya ile kumi. Donc, basi, hatujafanya matanga. Mutu akikuita ku matanga, unaenda. Hauulizi kama ni mutu muzuri."

Nikaikunja barua, nikaitia mfukoni.

Basi Jumamosi moja ya Novemba, mji ukiwa umefunguliwa, tulichukuliwa alfajiri katika kituo cha Blacktown. Gari lilikuwa Landikruza ndefu yenye magurudumu makubwa na ngazi ya kupandia. Kiongozi wetu, mwanamume mfupi mwenye kaptura na soksi zilizopanda hadi magotini, alikagua vyeti vyetu vya chanjo kwenye simu, akatupulizia dawa mikononi, kisha akaanza kuongea kwa maikrofoni ingawa abiria tulikuwa watatu.

Binti tayari alikuwa ndani. Ndiyo mara ya kwanza kumwona mzima: mwanamke anayekaribia miaka sitini, mwembamba, suruali nyeupe, kucha za waridi. Alitugusa kwa kiwiko, kama tulivyosalimiana siku zile, akatuita malaika. Baada ya dakika kumi tukawa mashujaa. Kila aliponiita hivyo nilihisi kitu kama mafuta ya mgando kikinishuka kooni. Malaika hatumii barakoa moja kwa zamu mbili.

Tulisafiri zaidi ya saa mbili. Tulipofika ufukweni kiongozi alitoa upepo kidogo kwenye matairi ili gari lisizame, tukaingia mchangani. Kulia bahari, kushoto matuta marefu kuliko nyumba ya ghorofa. Ningependa kusema kulipendeza, na huenda kulipendeza. Nilichokiona mimi ni ndege waliokufa. Ndege weusi wa baharini, kila hatua chache mmoja, mabawa yamekunjuka, macho yameshadonolewa. Kiongozi alieleza kwamba huruka kutoka mbali mno kaskazini mwa dunia waje kuzaa huku, na wengine huishiwa nguvu wakiwa wamekaribia kufika. Uvundo uliingia kwa dirisha.

"Tusisimame hapa tafadhali," binti akasema, akapandisha kioo.

Tulisimama penye miamba, kwenye rasi inayoingia baharini. Ulikuwa mwamba wa kijivu wenye wekundu kama nyama iliyokauka, umepasukapasuka, mawimbi yakiingia kwenye nyufa na kutoka na povu. Kiongozi alitanua mikono, akatusimulia jinsi volkano ilivyotapika moto hapo mamilioni ya miaka iliyopita. Mama wa Goma aliinama, akakiweka kiganja chake juu ya jiwe, akakiacha hapo kidogo.

"Hii ilishakufa zamani," akaniambia.

Kiongozi akamuuliza kama amewahi kuona volkano. Akamjibu kwa Kiingereza chake cha maneno machache: "Ilipita ndani ya jikoni yangu."

Alisema kama anayesimulia basi lililopita. Kiongozi alishusha mikono. Lakini binti akapiga makofi, akasema ni ajabu, ni ajabu kabisa, akamwomba akae tena vile vile, mkono juu ya jiwe, ampige picha. Naye akakaa. Nilitazama pembeni.

Kisha binti akawasha kinasa sauti cha simu, akatuomba tumwambie mama yake alikuwa akisema nini kuhusu mahali hapa. Yaani mimi, mtoto wa Nakuru, nimsimulie huyu habari za mama yake mzazi. Nikamwambia alichoniambia bikizee: kwamba baba yake alimtuma kila asubuhi akabandue kome kwenye miamba, viganja vikichanika kwa makombe, na kwamba aliwachukia kome maisha yake yote.

"Hakuwahi kuniambia," akasema.

"Hukuwahi kuuliza," nikamjibu kwa Kiswahili. Mama wa Goma akanifinya mkono, na kidole gumba chake cha ushonaji kina nguvu.

Nilitarajia kwamba baada ya hapo tutanyamaza kidogo, tuombe, hata kama ni kwa moyo. Badala yake tulipelekwa kwenye matuta na kila mmoja akapewa ubao wa kutelezea. Binti akakaa juu ya ubao wake kwenye kilele, akaachia, akashuka kwa kasi akipiga mayowe ya furaha, miguu juu. Akapanda tena. Akashuka tena. Kwetu watu hucheza matangani, sikatai, hata kucheka hucheka. Lakini huwa kuna mtu analia upande mmoja ili wengine wapate ruhusa ya kucheka. Hapa hakuna aliyelia. Mimi na Mama wa Goma tulikaa chini tukiwa na mbao zetu mapajani kama watu wanaosubiri kuitwa dirishani.

Chakula cha mchana kilikuwa chaza wabichi, waliofunguliwa mbele ya macho yetu, na divai nyeupe aliyoibeba binti mwenyewe kwenye sanduku la barafu. Nilimtazama chaza kwenye gamba lake, kijivu, amelowa, pembeni anatetemeka ukimkamulia ndimu. Kazini nimewafuta watu makohozi ya namna ile. Nilikula mkate. Mama wa Goma alijaribu mmoja kwa heshima, akameza kama anameza kidonge. Binti alikula kumi na kitu, akanywa karibu chupa nzima, akasimulia habari za mbwa wake.

Wakati wa kurudi kiongozi alitupitisha juu ya matuta, akipanda na kushuka ghafla ili tusikie tumbo likibaki nyuma. Tulikuwa tumevaa barakoa tena kwa sababu ya kuwa ndani ya gari. Mteremko wa tatu nikasikia binti akiguna. Wa nne, akatapika. Alitapika ndani ya barakoa. Yakatokea pembeni, mashavuni, yakashuka shingoni hadi kwenye blauzi na ile suruali nyeupe, naye akawa hawezi kupumua, anapapasa mikanda ya masikioni na haioni.

"Simamisha gari!" nikapiga kelele.

Kiongozi alifunga breki, akashuka, akaenda mita ishirini, akasimama ametupa mgongo akiziba pua. Sisi hatukuambizana neno. Mama wa Goma alishamfungua barakoa na kumwinamisha mbele, kiganja kwenye paji la uso. Mimi nilishatoa glavu mkobani, na tishu zenye maji, na mfuko wa plastiki. Miaka ya kazi ile inakufanya utembee na vitu hivyo hata kanisani. Tulimtoa nje, tukamkalisha mchangani, nikaanza kumfuta: mdomo, kidevu, nyuma ya masikio. Divai, ndimu, chaza. Nilipumua kwa mdomo. Nikawaza: siku yangu ya mapumziko, na bado ninamfuta mtu wa familia hii.

Binti akasema, bila kututazama: "Sikuwa ninasubiri kipimo."

Nikaendelea kufuta.

"Nilikuja. Siku zote mbili. Nilikaa kwenye maegesho yenu. Mara ya mwisho nilipomtembelea, kabla ya mji kufungwa, niliinama nimbusu nikasikia harufu yake. Nilienda chooni nikatapika. Mama yangu mwenyewe. Niliona kinyaa. Niliogopa nikiingia nitatapika mbele yake."

Mkono wangu ulisimama kwenye ukosi wa blauzi yake. Nilitaka kumtupia ile tishu usoni.

Mama wa Goma hakusimama. Alikuwa anamchana nywele kwa vidole kuondoa kilichonata. "Harufu, ndiyo," akamwambia. "Sisi pia tulisikia. Kila siku. Ukisikia, unapumua kwa mdomo, halafu unaendelea."

Hakuwa anamsuta. Alisema vile vile anavyowaelekeza wafanyakazi wapya. Hapo ndipo binti alipolia kwa mara ya kwanza siku ile, kwa sauti mbaya, makamasi yakimtoka, na Mama wa Goma akamshika kichwa akamlaza kwenye bega lake, kwenye blauzi yake ya kitenge iliyopigwa pasi.

Mimi nilifunga mfuko, nikashuka hadi majini. Nilivua glavu, nikajisugua mikono kwa mchanga na maji ya chumvi hadi ngozi ikawaka. Lazima niseme ukweli hapa. Wiki yangu ya kwanza kazini nami nilitapika, katika chumba cha kufulia, kichwa changu ndani ya kapu la mashuka, nikalia kwa aibu. Nilijua neno kwa neno alichokuwa anakieleza yule mwanamke. Watu husema ukimwelewa mtu hasira hupungua. Yangu haikupungua. Nilimwonea kinyaa zaidi, kwa sababu mimi nilijifuta mdomo nikarudi chumbani kwa mgonjwa asiye ndugu yangu, naye alirudi garini.

Njia nzima binti alilala. Gari lilitushusha Blacktown jua likizama. Mimi nilikuwa naenda Rooty Hill, Mama wa Goma Quakers Hill, kwa hiyo treni zetu zilikuwa tofauti, lakini tulisimama kwanza juu ya daraja la kituo.

"Kule mchangani amesema niende kwake kunywa chai," akaniambia. "Na wewe pia."

"Utaenda?"

"Nitaenda."

"Baada ya yale aliyosema?"

"Kwa sababu aliyasema. Ile watoto wa wazee wengine kule kazini, unafikiri wote walikuwa wanasubiri kipimo kweli?" Akanishika kiwiko. "Petite, wewe unataka watu wasafi."

"Nataka watu waingie ndani," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Watu wawili wakageuka. Mama wa Goma alinitazama kidogo, akasema treni yake inakuja, akashuka ngazi. Kwa wiki tatu tuliongea habari za kazi tu.

Alienda kwa ile chai, na baadaye tena. Aliniambia ile taa ya darini ni kikapu kweli, kimesukwa kwa ukindu. Mimi niliandikiwa mara mbili nikajibu niko zamu, ambayo ilikuwa kweli mara moja. Mwaka uliofuata nilipata kazi Campbelltown nikahama.

Binti alitutumia picha za safari. Moja niko juu ya mwamba, nyuma yangu wimbi limepasuka, nami ninatabasamu kwa meno yote. Nilitabasamu kweli, aliniomba, nikatabasamu. Niliiangalia muda mrefu, nikaifuta, nikafuta na namba yake.