Mtoto Aliyetafutwa Katikati ya Chai

Mwezi uliopita tulimpokea bibi mmoja Mwingereza katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya uuguzi hapa Parramatta, kitongoji cha Sydney. Asubuhi ya kwanza nilipompelekea kikombe chake aliniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Kenya. Akataka kujua upande gani, nikamwambia Kericho. Machozi yakamlengalenga. Kumbe naye alizaliwa kulekule; baba yake alikuwa meneja wa shamba la chai. Basi akaanza kunisemesha Kiswahili, na Kiswahili chenyewe, rafiki yangu, kilikuwa cha kuamrisha tu: lete, ondoa, upesi, funga mlango. Aliyatamka maneno hayo kwa mapenzi, kama mtu anayekumbuka wimbo wa utotoni.

Jioni hiyo nilirudi nyumbani kwa treni. Kimawazo nilikuwa nimeshafika Kericho.

Sisi tulikaa ukingoni mwa shamba hilo au la jirani yake, sijui. Kwa mtoto chai yote ilikuwa moja. Ilianzia nyuma ya choo chetu na kupanda vilima mpaka macho yakachoka. King'ora cha kiwanda ndicho kilichotuamsha. Kila alasiri mvua ilinyesha, mara nyingine ya mawe, nasi tukayaokota tukayala. Baada ya mvua hewa yote ilinuka majani yanayokaushwa, harufu nzito yenye utamu kidogo, inayong'ang'ania hata kwenye blanketi. Chai nzuri ilipakiwa kwenye malori kwenda Mombasa, halafu kwa Waingereza. Sisi tulinunua vumbi lake dukani, tukalichemsha na maziwa hadi likawa na rangi ya matofali.

Nyanya, mama mzaa baba, hakuionja chai hata siku moja. Alikunywa maziwa yake ya kibuyu. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kusugua kibuyu, naye akachoma kijiti cha mti aliouchagua mwenyewe, akakipondea ndani mpaka makaa yakashika kuta. Maziwa yalilala humo siku kadhaa, yakatoka mazito, yenye rangi ya majivu, na ukali unaokunja ulimi. Jirani akija kumwamkia na kumuuliza habari za nyumbani, alijibu vilevile kila mara: "Nyumbani ni kule juu. Hapa tumeketi tu." Kisha akaelekeza kidevu kwenye chai.

Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba kabla ya Mzungu kuja milima yetu ilikuwa pori tupu lisilo na mwenyewe. Tuliyakariri maneno hayo darasa zima kwa sauti moja. Nilipomweleza nyanya, aliniuliza tu mwalimu huyo ni mtoto wa nani, akaendelea kuchambua mboga.

Yaliyotokea nilikuja kuelezwa na baba. Nyanya aliolewa kule juu akiwa msichana mbichi. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alifariki kabla hajaanza kutambaa. Kwa desturi yetu ya zamani mtoto mchanga alizikwa kando ya zizi la ng'ombe, bila alama yoyote, kwa kuwa waliomzika ndio watakaoishi hapo. Mvua nyingi hazijapita, askari wa serikali ya Mwingereza wakafika. Watu waliambiwa wahame, ardhi inatakiwa. Waliochelewa walichomewa nyumba. Zizi lililimwa, chai ikapandwa.

Kila mwaka, mvua kubwa ikiisha, nyanya alichukua kibuyu kidogo akapotelea katikati ya chai. Nilipokuwa na umri wa miaka minane hivi alinichukua pamoja naye. Wakati huo nchi ilikuwa imeshapata uhuru na bendera yetu ikipepea shuleni, lakini kampuni ilikuwa ileile na meneja alikuwa bado Mzungu. Tulifuata kijito hadi kilipopinda. Akahesabu kitu kichwani, akaingia baina ya mistari ya michai, akaketi chini na kumimina maziwa kidogo kwenye mzizi wa mchai mmoja. Alisema maneno ambayo sikuyasikia vizuri. Matone ya mvua ya jana yalikuwa yakitudondokea shingoni. Niliona baridi, nikataka twende.

Ndipo askari wa kampuni akatukuta. Alikuwa kijana wa kabila letu, alimwita nyanya mama, lakini alitutoa hadi barabarani, na meneja akaja na gari akiwa na karani wake. Meneja hakuwa mkali. Aliuliza huyu mama anatafuta nini.

"Mwambie nimekuja kwa mtoto wangu," nyanya akasema.

Karani akaligeuza kwa Kiingereza, akaligeuza vibaya, au pengine meneja ndiye aliyesikia alichozoea kusikia. Alielewa kuwa mama amepoteza mtoto ndani ya chai. Akabadilika uso. Akapuliza filimbi, akawaita wachumaji wote wa kilima kile, wakatua vikapu vyao na kutawanyika. Karani aliuliza mtoto anaitwa nani. Nyanya akalitaja jina. Nilikuwa sijawahi kulisikia.

Nakuomba ulione jambo hili kama nilivyoliona. Kilima kizima kiliita. Wanawake kwa wanaume, waliozama kiunoni katika kijani kile, waliita jina la yule mtoto, na upande wa pili wa kijito wengine wakaitikia. Nyanya alisimama kando ya gari, mikono ameishika kifuani, akisikiliza. Hakuwazuia.

Mwishowe karani alirudi kuuliza mtoto ana umri gani, amevaa nguo gani.

"Angekuwa mkubwa kukushinda wewe," nyanya akamjibu. "Amelala pale. Nyinyi ndio mnaochuma juu yake."

Karani akamtafsiria meneja. Meneja akawa mwekundu. Akapuliza filimbi tena kurudisha watu kazini, akasema neno ambalo karani alilifikisha akiwa ameinamisha macho: hapa si makaburini, makaburi yako kule. Akanyoosha kidole kwenye kanisa dogo la mawe, penye ua mweupe na nyasi zilizokatwa, walipolala Waingereza wenzake. Askari akaagizwa asituruhusu tena. Toka mwaka ule hadi anafariki, nyanya alimwaga maziwa yake nyuma ya choo, mpakani, akiangalia juu.

Bibi wa Parramatta alinionyesha picha. Ana mdogo wake aliyefariki akiwa mchanga, na amezikwa kwenye ua uleule mweupe. Jiwe lina jina lake, na maua ya waridi yamepandwa pembeni. Aliwahi kurudi kumzuru. Kampuni ilimpa gari na mtu wa kumshika mkono. Nilimweleza habari za nyanya. Alisikiliza mpaka mwisho, akanipapasa mkono, akasema inasikitisha sana, lakini si pale palikuwa pori tu wakati ule? Nikamfunika miguu. Hapa kila mkutano wa kazini huanza kwa kuwataja wenyeji wa asili walionyang'anywa ardhi tuliyoketi juu yake, tukainamisha vichwa, kisha tukaendelea na ajenda. Kwetu hata kutajwa hakujafika.

Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani mashine ndizo zilizokuwa zikikata chai, mtu mmoja akisukuma kazi ya watu wengi. Vijumba vya wachumaji vilikuwa vitupu. Wale walioita siku ile wamekufa au wametawanyika, baba naye amelala kwenye shamba letu dogo. Kijito kimepelekwa kwenye bomba. Nilipanda hadi nilipodhani ndipo kilipokuwa kikipinda, nikasimama, nikashindwa kuchagua mstari.

Kwa hiyo kilichobaki ni jina, nalo nilikuwa ninalijua mimi peke yangu. Jumapili iliyopita nilimtajia binti yangu, aliyezaliwa hapa Sydney. Alijaribu kulirudia, akalikosea, akajaribu tena, kisha akaniomba radhi kwa Kiingereza.