Begonia Zilizovaa Mapazia

Bwana Walenty aliendesha tramu miaka thelathini na minne bila kuchelewa, na alipostaafu akadhani hata majira ya mwaka yanafuata ratiba yake. Aprili hiyo ilileta joto la kuvua shati. Mkewe Bronia alikuwa hospitalini, amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na angerudi tarehe kumi na nne Mei. Walenty alimwahidi, tena mbele ya muuguzi, kwamba atakuta maua yamechanua chini ya dirisha lake.

Basi akalima tuta, akavunja madongoa mpaka udongo ukawa laini kama unga, akachanganya samadi ya sungura. Mimi matuta nayajua. Lile lilikuwa tuta. Tarehe tisa Mei akapanda begonia nyekundu ishirini.

Jirani yake, Bi Genowefa, akaegemea ua. "Wewe mzee, umewasahau watakatifu wa baridi? Pankracy, Serwacy, Bonifacy, halafu Zofia: siku zao nne, kuanzia tarehe kumi na mbili, ndizo huleta baridi ya mwisho. Nani anapanda kabla hawajapita?"

"Hao walikuwa abiria wangu. Mwaka huu wameshuka mapema."

"Haya. Ngoja wakupandie kituo kinachofuata."

Wakapanda kweli. Siku ya Pankracy upepo ukageuka, ukaja wa kaskazini. Kesho yake alasiri redio ikatangaza jalidi, baridi ya kugandisha umande usiku huo. Walenty akang'oa mapazia ya sebuleni, akafunika begonia. Hayakutosha. Akaleta ndoo, sufuria, mwisho suruali yake ya sare ya tramu.

Bi Genowefa akampitishia vyungu juu ya ua. "Shika, kichwa ngumu. Na hicho cha kabichi unirudishie safi!"

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe. Bronia akashuka kwenye teksi na magongo yake, akatazama tuta.

"Walenty! Mapazia yangu ya Pasaka!"

"Maua yalisikia baridi, mama."

"Hebu funua moja."

Akainua sufuria. Begonia ilikuwa imesimama, nyekundu, jani moja tu limeungua kwa baridi pembeni. Bronia akainama mpaka pale nyonga ilipomruhusu, akaligusa ua kwa kidole.

"Leo ni nani?"

"Bonifacy."

"Na Zofia kesho, nawe umesimama na sufuria hewani? Funika!"

Akafunika upesi. Bronia akaketi dirishani, supu ya bitiruti mapajani. Pazia halikuwepo la kumzuia kuona, akayatazama maua yake yote ishirini chini ya vyungu na suruali, akicheka polepole, mkono nyongani.