Kamba ya Nyuma

Mume wangu Filemoni alikuwa mbishi, tena mbishi wa kimya, ambao ndio wabaya zaidi. Mtu anayefoka unajua pa kumkamata. Yeye ukimwambia jambo asilolitaka anasema "sawa", basi, na hapo ujue umeshashindwa. Nimeishi na hiyo "sawa" yake tangu wazee wake, Wabembe waliovuka ziwa kutoka Kongo, walipokuja kwetu kuniposa. Mnaniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Nitawaeleza habari ya mtumbwi, ya mengine nimechoka.

Kazi yake ilikuwa kuchonga mitumbwi. Si hii ya mbao na misumari, ile ya gogo zima. Anapanda milimani huko nyuma ya Ilagala, anatafuta mvule, anauangusha, anauchimba hukohuko kwa tezo mpaka unakuwa chombo. Kuchonga si tabu. Tabu ni kuushusha ziwani. Mwenye chombo alikuwa anaalika watu, mkewe anapika ugali wa muhogo na samaki, migebuka, pombe ya ndizi haikosekani. Magogo yanalazwa njiani, yanapakwa mashapo ya mawese ili chombo kiteleze. Kamba za mbele wanashika watu wote. Kamba ya nyuma anashika fundi peke yake, ameizungusha kwenye kisiki, anailegeza kidogo kidogo, kwa sababu kwenye mteremko mtumbwi ukipata mbio unaua watu.

Miaka yote hiyo alichonga vya wenzake. Cha kwake hakuwahi kuwa nacho, na uzee ulikuwa unabisha hodi. Mwishowe akaupata mvule mmoja mzuri, akaniambia huu ni wetu, tutavua wenyewe, tutakula wenyewe. Alikuwa amemaliza kuuchimba tumbo pale Operesheni Vijiji ilipotufikia.

Sina haja ya kuwasimulia Operesheni. Mgambo walikuja, paa likashushwa, tukapelekwa kwenye kijiji kipya barabarani, nyumba zimepangwa mistari kama wanafunzi. Mtumbwi ukabaki mlimani. Filemoni akaenda kwa majirani mmoja mmoja kuomba msaada wa kuuvuta. Walitaka kumsaidia, lakini siku zote zilikuwa za shamba la kijiji, na asiyefika shambani hapati mahindi ya msaada. Mwaka ule hapakuwa na chakula kingine, jamani. Mahindi ya njano, asubuhi na jioni.

Basi akaenda kwa katibu wa kijiji, Pastory. Kijana wa watu, wala hakuwa mbaya, ila alikuwa anapenda sana kusikia sauti yake. Akamwambia, "Mzee wangu, siwezi kutoa watu wavute mali ya mtu binafsi. Huo ubepari. Utoe uwe wa kijiji, nami nitakupa watu. Na nahodha utakuwa wewe mwenyewe."

Filemoni akarudi nyumbani, siku nyingi zikapita. Mimi ndiye niliyemkalia kooni. Nilimwambia, wa kijiji au wako, samaki ni samaki, na nahodha ni wewe. Unangoja jua liupasue? Nilikuwa nimesahau hata harufu ya dagaa. Mwishowe akasema, "Haya, Mama Dunia." Hakusema "sawa". Dunia ni binti yetu wa kwanza, na akiniita kwa jina la mtoto moyo wake umetulia. Nikajua amekubali kweli.

Siku ya kuvuta, mashapo hayakuwepo. Nikatoa mawese yangu masafi, yote niliyokuwa nimeficha, nikapaka magogo huku roho inaniuma. Watu walikuja kwa amri. Nanyi mnajua watu wa amri. Kule shamba la kijiji tulikuwa tunashika majembe kama tunayabembeleza. Lakini siku ile walivuta, kwa sababu alikuwa Filemoni, aliyewachongea baba zao. Waliimba hata. Mtumbwi ukateleza vizuri, ukashuka mpaka kwenye bega la mwisho la mlima. Ukisimama pale unaliona ziwa lote.

Tukapumzika. Katibu akaona ndio nafasi ya hotuba. Akasema maneno ya kujitegemea, tukapiga makofi. Halafu akasema, "Kamati imekaa. Mzee wetu Filemoni amefanya kazi kubwa, sasa apumzike, atalinda ghala. Nahodha wa chombo chetu atakuwa kijana Martini, ana nguvu." Martini ni mtoto wa dada yake Filemoni, hajawahi kuvua hata usiku mmoja. Alitazama chini kwa aibu, maskini. Watu wakapiga makofi machache, ya shingo upande.

Filemoni akasema, "Sawa, katibu." Akaondoka kwenda kwenye kamba yake nyuma, ng'ambo ya miti.

Tukashika kamba. Tukavuta. Mtumbwi kimya. Tukavuta tena. Katibu akaanza kufoka, "Mnagoma! Nawajua! Mmeshika kamba tu hamvuti!" Kusema kweli mwanzoni ilikuwa hivyo. Uamuzi ule watu hawakuupenda, na mikono yao ilikuwa imelegea. Lakini aliposema atakata majina kwenye orodha ya mahindi, loo, watu walivuta. Walivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Regina, jirani yangu, kamba ilimchubua viganja akaachia kwa kilio. Mtumbwi haukusogea hata kidole.

Nikadhani gogo limekwama. Nikaenda nyuma nikaangalie.

Hapakuwa na gogo lililokwama. Kamba ya nyuma ilikuwa imezungushwa kisikini, mizunguko mitatu au minne, imekaza mpaka inalia. Filemoni ameshika ncha, visigino amevichimbia ardhini, jasho linamtiririka. Mzee mmoja, amezuia kijiji kizima.

Nikamwambia, "Filemoni, una wazimu? Tutakula nini?"

Hakunitazama. "Rudi mbele," akasema. "Kavute na wenzako."

Nilikuwa na hasira, nyie. Mawese yangu yamekwisha, nyumba haina kitoweo, na huyu mwanamume ameshikilia samaki wetu kwa mikono yake mwenyewe! Ningepiga ukelele mmoja tu, mgambo wangekuja kuikata kamba ile, na jioni mtumbwi ungekuwa majini. Yeye wangempeleka wanakopeleka watu. Nilisimama pale na mdomo wazi. Halafu nikarudi mbele, nikashika kamba, nikavuta kwa nguvu zangu zote pamoja na wenzangu.

Jua lilipofika utosini nikamwambia katibu, "Mlima umekataa." Naye alikuwa amechoka, sauti imemkauka. Akasema tutarudi siku nyingine. Siku nyingine ikawa palizi, halafu mkutano, halafu palizi tena.

Kiangazi kikamaliza kazi. Mtumbwi ukapasuka, ufa mmoja mrefu na mwingine unaufuata. Filemoni alikuwa anakwenda kuutazama, anarudi. Tuliendelea na mahindi ya njano. Mimi nilikuwa simsemeshi ila kwa lazima, na watu walidhani tunagombana kwa njaa. Katibu akaona wa nini tena, akaagiza ukatwe kuni za tanuri, shule ilikuwa inahitaji matofali. "Mzee Filemoni, wewe ndiye mwenye shoka."

Alipanda mlimani, nami nikamfuata. Akasimama mbele ya mtumbwi, akainua shoka, akalishusha taratibu bila kupiga. Akainua tena. Akalishusha tena, nikaona haya kumwangalia. Akaenda akakaa kwenye jiwe.

Nikalichukua shoka mimi. Nikapiga ubavuni kwa hasira zangu zote za mwaka ule. Likadunda. Nikapiga tena, likadunda, likanikosa mguu kidogo tu.

Filemoni akanyanyuka.

"Hapo sipo, Mama Dunia. Utaumia."

Akaweka kiganja juu ya mti, akapapasa polepole mpaka akapata mahali penyewe. Akakiondoa.

"Piga hapa."