Foto ya Babu na Kazi ya Kupokea Wageni

Mimi si mtu wa kuandika sana, niliishia mwaka wa nne sekondari, kwa hiyo nikikosea mtanisamehe. Lakini wiki ile nilicheka mpaka mbavu zikauma, na sitaki kusahau ilivyokwenda.

Mama mmoja mwenye hoteli ndogo hapa Bunia, mfanyabiashara aliyehamia kutoka upande wa Butembo, alikuwa anatafuta mtu wa kupokea wageni. Nilimpelekea barua mkononi. Aliisoma akiwa amesimama, akasema barua ni nzuri, ila siku hizi kila mtu anaandikiwa barua na ndugu yake. Yangu pia niliandikiwa. Yeye, akasema, huangalia kwanza ukurasa wa mtu mtandaoni, na jibu angelitoa Jumamosi.

Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Miaka miwili nilikuwa kwa shangazi nikichambua maharagwe, nikiulizwa kila asubuhi nimeamkaje, kwa sauti ya mtu anayeuliza utaondoka lini. Shangazi ni mwema, lazima niseme. Ilikuwa sauti tu.

Binti yake ndiye anayejua mambo ya simu. Tulikaa jikoni, tukafungua ukurasa wangu, tukaanza kufuta. Kulikuwa na foto niliyoegemea gari la mtu nisiyemjua kwenye arusi, chini nimeandika "Patronne", yaani bosi wa kike. Ikaenda. Foto za kubinua midomo, zikaenda zote. Kulikuwa na maneno niliyoandika juu ya mgahawa mmoja ulioniletea chipsi za baridi. Hapo nilisita, maana zilikuwa za baridi kweli, na kufuta ukweli naona ni karibu na uongo. Binamu akaniuliza kama ninatafuta kazi au ninatafuta haki. Yakaenda. Tukapandwa na wazimu wa usafi, tukafuta hata foto ya ubatizo wangu kwa sababu viatu vilikuwa na vumbi.

Kitu kimoja hatukugusa: foto ya profili, na hiyo ilikuwa ya babu. Alifariki huko Irumu mwezi uliotangulia, mzee aliyekula miaka yake akashiba. Kwetu, ukoo mzima huweka foto ya marehemu mahali pa uso wako mpaka siku ya kuondoa matanga. Anayeitoa mapema, familia humsema mpaka atamani kufa yeye.

Alhamisi mama wa hoteli akapiga simu.

"Ni weye binti wa ile barua?"

"Ni miye, mama."

"Nimefika kwa ukurasa yako. Naona muzee mumoja na kofia, na mushumaa. Weye sikuoni. Huyu muzee njo anatafuta kazi, ni yeye?"

Cheko lilinitoka puani kabla sijalikamata. Nikamweleza habari ya matanga. Akasema pole, akasema tena kwamba mtu wa kupokea wageni ni sura, niweke yangu kabla ya Jumamosi, akakata.

Shangazi ndiye kifungua mimba wa babu, bila yeye hakuna anayetoa foto. Nilipomwambia, aliweka kisu chini. Akaniuliza kama ninamfukuza baba yake kwa ajili ya hoteli. Sikuweza kumlaumu. Wala yule mama sikuweza kumlaumu; nani huajiri mtu asiyemwona? Wote wawili walikuwa na haki, ni mimi tu sikuwa na uso.

Shangazi akaomba simu ya binti yake, akatafuta, akanionyesha. Siku ya mazishi, mimi mbele ya sanduku, nimebeba foto ya babu yenye fremu.

"Njo hii. Babu iko, weye uko. Hakuna mutu atasema kitu."

Shida ni kwamba katika foto hiyo nilikuwa nacheka, meno yote nje. Binamu alianguka juu ya magunia ya maharagwe kwa kicheko, na shangazi, aliyejaribu kukaza uso, akamfuata. Foto nyingine haikuwepo. Tukaiweka.

Jumamosi yule mama alinikalisha mbele yake, simu mkononi.

"Mutu anacheka mbele ya sanduku ya marehemu?"

Binamu alikuwa amenishauri niseme nilikuwa ninalia, kwani kwenye foto kulia na kucheka hufanana. Nilifikiri kidogo, nikaona siwezi. Nikamwambia babu alitoroka hospitali mara mbili kwenda kuangalia ng'ombe wake, na mjomba, aliyekuwa nyuma yangu amebeba sanduku, alinong'ona: "Mushike nguvu, ataenda tena kwa ng'ombe."

Mama alifunika mdomo kwa kitenge. Mabega yakaanza kutikisika, kisha meza. Akajifuta macho, akatazama foto tena, kicheko kikamshika upya.

"Wageni yangu wanafikaka na hasira ya barabara," akasema mwishoni. "Fika Jumatatu, saa moja asubuhi."

Nikamuuliza kama anamaanisha mimi. Akachungulia nyuma yangu, kama kuna mwingine.

Nilirudi kwa miguu nikicheka peke yangu barabarani, watu wa pikipiki wakinipisha mbali. Mpaka leo sijui vizuri alimchukua nani, mimi au babu. Lakini Jumatatu ni mimi nilifika, saa kumi na mbili na nusu, mlango ukiwa bado umefungwa.