Osmundi hakuwa amelewa

Jamani, mpaka sasa akili yangu inakataa. Osmundi, rafiki yangu wa kazini, tumemzika jana kwao Kigonsera, na leo asubuhi nimechemsha chai ya watu wawili kama mjinga.

Wengi mmeniuliza inbox kilichotokea. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe.

Kiwandani kwetu hapa Mbinga tunachachusha maganda ya kahawa kwenye matangi, tupate asidi ya kuhifadhia vyakula. Yakishachacha tunamimina solventi, dawa ya kuyeyushia. Inaivuta ile asidi na kuelea nayo juu, maji machafu yanabaki chini.

Ukikoroga kwa pupa vinagoma kutengana, katikati panakaa utando mzito. Osi alikuwa anatuambia, "Acheni haraka, hata ugomvi wa mke na mume huachwa upoe." Mke hakuwa naye, lakini ushauri alikuwa nao gunia zima!

Mama yake alimlea kwa kupika komoni. Kwao pombe haina kipimo. Unafunua pipa, unainamisha pua, unajua kama imeiva. Na tangi alilifanyia hivyohivyo.

Tukamwita Pua. Yeye aliniita Mnyasa mla mbasa, eti pua yangu imeharibiwa na samaki.

Mwenyewe pombe hakuwahi kuionja. "Nimeiona ikipikwa, dada, inatosha."

Tuliomba kipimo cha hewa. Supavaiza akacheka: "Cha nini, na Pua tunaye?" Feni ya chumba ilipokufa, tukaambiwa tuvumilie.

Jumanne utando uligoma kutoka. Supavaiza akamtuma Osi akanuse. Akapanda, akafunua, akainama. Mvuke wa solventi ukiuvuta mwingi unalegea kabla hujajitambua. Tulimkuta ameegemea ngazi, na hospitali hakufika akiwa hai.

Ile solventi inanuka kama spiriti. Waliomvua nguo waliisikia, na kabla jeneza halijafungwa maneno yalishafika jikoni msibani: mtoto wa mama pombe kafa kwa pombe ya kiwandani. Ofisini nako kimya, maana uvumi huo unawafaa. Inaniuma sana!

Nilimwendea mama yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ulikuwa naye. Alikunywa?"

"Hapana, mama. Ni ile dawa ya kazini, aliivuta na hewa."

Akanishika mkono. "Sasa mbona unaninong'oneza? Sema wakusikie walioko jikoni."

Nilishindwa kupaza sauti. Ndiyo maana naandika hapa, kwa jina langu, mimi Hilda, na kazi wakitaka waichukue. Mlioko Kigonsera msomeeni na asiye na simu.

Osi, kaka yangu, hukunywa. Ulikuwa na akili zako timamu, ukifanya ulichotumwa.

Lala, kaka. Mama apite sokoni kichwa juu.