Dawa Niliyomtia Mama Masikioni

Mama hakuwa kiziwi. Naanza na hilo kwa sababu waliomfahamu baadaye hudhani uzee ulimwahi. Bomu lililoanguka nyuma ya nyumba yetu ya Katoyi, mtaa wa Goma, katika mojawapo ya zile rebelioni zetu za waasi zisizokwisha, lilimtoboa ngoma za masikio yote mawili, lakini alibaki akisikia. Alikuwa barazani akasikia maharagwe yakikaukiwa maji jikoni. Nikinung'unika chumbani, alinijibu. Msimu wa mvua tu masikio yake yalitoa maji, akayapangusa kwa kona ya kitenge, maisha yakaendelea.

Volkano ilipolipuka tulikimbilia mji wa Sake kwa miguu, mvua ikitunyeshea njia nzima, tukalala siku nyingi kwenye sakafu ya darasa. Tuliporudi tuliikuta nyumba imesimama, tukamshukuru Mungu. Lakini masikio ya mama yalikuwa yanatoa usaha wenye harufu, na mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona akilia kwa ugonjwa alikuwa analia.

Nilikwenda farmasi ya kwenye kona. Muuzaji hakuuliza mgonjwa ni nani wala sikio likoje. Alinipa ampuli za jenta, ile gentamisini ya kuchoma sindano, akanionyesha namna ya kuvunja shingo ya ampuli, kuvuta dawa kwa bomba lisilo na sindano na kuidondosha sikioni. Mtaani kwetu wengi walifanya hivyo.

"Hii iko nguvu kupita ile ya kutonesha ya kachupa, mwalimu," alisema.

Mwalimu ndiye mimi. Katoyi mwalimu huhesabiwa kuwa nusu daktari, na mimi, Mungu anisamehe, nusu hiyo niliipokea kwa furaha.

Nilimtonesha mama mara tatu kwa siku, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Siku ya nne usaha ulikauka. Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi nikasema tuendelee, ugonjwa ufe kabisa, nikaendelea wiki mbili nzima.

Siku zile ardhi ya Goma ilikuwa bado inatetemeka. Mama akisema, "Udongo inatikisika," tulitoka mbio wote, tukasimama juu ya mawe meusi tukingoja. Alisema hivyo asubuhi, akasema tena mchana, huku ameshika ukuta. Sisi wengine hatukuhisi kitu, lakini tulimwamini, hata tukamsifu kwamba anaihisi mitetemeko midogo inayotupita sisi. Nilijisikia salama kuwa na mama wa namna hiyo.

Asubuhi moja nilikuwa uani nasuuza nguo. Mama akapiga kelele, "Inatikisika!" akakaa chini ghafla. Nilitazama beseni. Maji yalikuwa yametulia kabisa, nikaona uso wangu ndani yake.

Nilimwita. Alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, amenipa mgongo. Hakugeuka. Nikamwita kwa sauti ninayotumia darasani, na bado hakugeuka. Siku hiyohiyo nilimpeleka hospitali.

Daktari wa masikio alimulika kwa taa yake, kulia, kushoto, kisha akauliza tulitia nini. Nilifungua mkoba na kumwekea mezani ampuli tupu. Niliiweka kwa fahari, naomba mwelewe hilo. Nilitaka aone binti anavyomtunza mamake.

"Hii mulimutia siku ngapi?"

"Wiki mbili, docta. Sikukosa hata siku moja."

Alivua miwani, akanigeukia mimi. "Mama, iko dawa ya tone ya antibiotiki yenye haina hatari ata kama ngoma iko na tundu. Lakini hii haiko ile. Kwa tundu inapita, inaingia kule ndani kwenye tunasikiliaka na kwenye kunashikiliaka mutu asianguke. Kile chenye kimekufa kule hakirudiaka."

Mama alinivuta mkono. "Docta anasema nini?"

Nilimwinamia sikioni nikapaza sauti, "Anasema ni uzee!"

Uongo huo niliubeba miezi mingi. Ulikuwa mzito, lakini mama aliufanya uzidi kuwa mzito kwa kunisifu. Kanisani, sokoni, kila mahali, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia: mtoto wangu alinitunza masikio, hakukosa hata siku moja.

Kisha msichana mmoja aliyekimbia vita Rutshuru akapanga chumba uani kwetu. Mtoto wake mchanga alianza kutoa usaha sikioni. Mama aliona, akamshika bega.

"Enda ununue jenta! Mutoto wangu atamutia. Iko na mukono muzuri."

Msichana akamfunga mtoto mgongoni, akaelekea njiani. Nikamkamata kitenge. "Hapana. Usiende. Tutaenda wote kwa docta."

"Unamuzuia juu ya nini?" mama akauliza.

Msichana ningeweza kumnong'oneza. Mama sikuweza. Majirani walikuwa wanaanika nguo, wanachambua majani ya sombe, na hapakuwa na njia ya kumwambia mama bila kuwaambia wote. Nilisimama mbele yake nikapiga kelele mpaka koo likaniuma:

"Juu ile dawa ndiyo ilikuua masikio, mama! Haiko uzee! Ni miye nilikutia!"

Mama alinitazama mdomo, uso umekunjamana kwa kujitahidi kusikia.

"Rudia," alisema.

Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi.